Wivu wa Biubwa, Mpika Shira

Ukienda Kisarawe ukaulizia shira, hutatajiwa duka. Utatajiwa Bi Biubwa. Kwa miaka ishirini na zaidi hapakuwa na harusi, maulidi wala futari ya watu wengi pale mjini ambayo kaimati zake hazikuogeshwa shira yake, na hilo yeye mwenyewe alilijua kuliko mtu yeyote. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka hamsini na mitatu, asiyependa kusifiwa. Au tuseme alipenda watu wamsifu ili yeye apate kuwakatalia. Ukimwambia, "Bi Biubwa, leo umetuweza," atakujibu, "Aa wapi, leo imekuwa nzito kidogo," kisha atabaki amesimama palepale kusubiri ubishe.

Kazi yenyewe aliifanya kwa masharti. Sufuria iwe nzito, iwe haijapikiwa vitunguu. Sukari na maji vikae jikoni pamoja, iliki itwangwe na maganda yake. Sukari ikishayeyuka, kijiko kinawekwa kando na hakirudi tena, maana ukiikoroga shira inayochemka, kesho yake utaikuta imegeuka punje za sukari chini ya chombo. Kisha inatiwa ndimu, si ya kuleta uchachu, ni kiasi tu cha kuizuia isigande. Mwisho anachota tone, analivuta kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukitoka uzi mmoja mwembamba, moto unazimwa na maji ya waridi yanafuata. Watu walimwona akifanya hayo yote na bado walidhani kuna dawa anayotia. Hakuwakatalia.

Biubwa hakujaaliwa mtoto. Dada yake mdogo alipofariki, akachukua binti aliyebaki, Firdausi, akiwa na miaka mitano na begi moja la shule lisilo na zipu. Mumewe Kibwana, mtu mpole wa mihogo na mikorosho, alisema tu, "Mlete," na tangu siku hiyo nyumba ikawa na mtoto. Firdausi alijifunza shira akiwa amesimama juu ya kigoda, mkono wa Biubwa ukiwa mgongoni mwake asije akaangukia moto. Alimwita mama. Mama mkubwa ilikuwa ya kuandika kwenye fomu za shule.

Binti akakua, akasomea mambo ya dawa, akapata kazi katika duka la dawa kule Kibaha, akapanga chumba Maili Moja kwenye nyumba ya mama mmoja wa Kisukuma. Hapo ndipo shida ya Biubwa ilipoanzia.

Mwanzoni mama huyo alikuwa jina tu kwenye simu. Anaitwa Holo, lakini watu wanamwita Mama Ndaki. Amefiwa na mume. Ametoka upande wa Shinyanga miaka mingi, ana ng'ombe wanne nyuma ya nyumba. Biubwa alisikiliza hayo yote kwa raha, hata akamtumia salamu za utani, kwa kuwa Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za mababu. "Mwambie mwenye nyumba wako asikulishe michembe yao ya viazi vikavu," alisema, "tumbo lako limezoea chakula cha watu." Kesho yake likaja jibu: "Mama Ndaki anasema Mzaramo akiacha ngoma siku mbili tu anaugua." Kibwana alicheka mpaka akakohoa. Biubwa naye alicheka.

Kisha Jumamosi moja ya mwezi wa tisa Firdausi akaja nyumbani na chupa tatu za kioo. Moja nyekundu, moja ya rangi ya asali, moja njano iliyofifia.

"Mama, onja hii. Ni ya rozela. Hii ni tangawizi na mchaichai. Hii nanasi na karafuu. Unatia vijiko viwili kwenye glasi ya maji baridi, basi, umemaliza."

"Umenunua wapi?"

"Anapika Mama Ndaki. Nyumbani kwake hapo hapo. Watu wanakuja mpaka wa Mlandizi. Sisi tunamwagia hata kwenye mtindi."

"Kwenye mtindi," alisema Biubwa.

"Noma sana, mama! Onja kwanza."

Akaonja ya rozela kwa ncha ya kijiko. Ilikuwa nzuri. Hakuna namna nyingine ya kusema. Ilikuwa laini, nyekundu mpaka kooni, na uzi wake ulikuwa sawasawa. Alitamani kuukuta umezidi au umepungua, akaukosa. Akarudisha kijiko kwenye sahani.

"Sukari nyingi," alisema.

Firdausi alipoondoka, Biubwa alizichukua zile chupa akaziweka juu kabisa ya kabati, nyuma ya mabeseni ya shughuli. Kibwana akaziulizia wakati wa chai. Akaambiwa zimeharibika.

Wivu wa chupa angeuzoea. Watu wengi wanapika, mji ni mkubwa. Lakini wiki chache baadaye alikuwa anazungumza na Firdausi kwenye simu kuhusu mambo ya kawaida, lini atakuja na kama mafua yamepona, na katikati ya maneno binti akageuza uso upande na kusema, "Ngoja kwanza nimuulize mama."

Biubwa aliihamishia simu sikio la pili. Kisha akauliza, "Mama yupi? Mimi si niko huku?"

"Jamani, Mama Ndaki. Nimezoea tu kufupisha."

Amezoea. Neno hilo Biubwa alitembea nalo siku nzima. Alikwenda nalo kisimani, akarudi nalo, akapepeta nalo mchele. Na kabla halijatoka, likaja jingine kubwa zaidi. Firdausi alikuja kwa likizo fupi akiwa anatembea ameinama kidogo, na alipobanwa sana akasema kwamba alikuwa amepasuliwa kidole tumbo. Wiki tatu zilizopita. Alilazwa siku nne.

"Wiki tatu!" Biubwa alisema. "Umepasuliwa tumbo, na mimi nipo hai?"

"Una presha, mama. Tuliogopa."

"Tuliogopa nani?"

"Mimi na Mama Ndaki. Ndiye aliyelala na mimi hospitali. Alikaa kwenye kiti siku zote nne, hata ng'ombe wake alimwachia jirani."

Mtu mwingine angesema Mungu ambariki mwanamke huyo. Na Biubwa aliyasema hayo hayo kwa mdomo, tena kwa sauti. Ila moyoni aliungua. Kitanda kile kilikuwa chake. Kiti kile kilikuwa chake. Mtu amekaa kwenye kiti chake siku nne na hakumwita. Alimwona Holo kila alipofumba macho, ingawa hakuwa amewahi kumwona sura: anamnywesha uji, anamfunika shuka, anamwambia "pole mwanangu." Akamchukia kwa ule uji.

Posa ilikuja mwezi wa kumi na mbili. Kijana anaitwa Latifu, fundi umeme, mtu wa Mzenga, wazazi wake wanafahamika. Harusi ikapangwa Mfungo mosi, baada tu ya Ramadhani. Biubwa alifurahi, tena alifurahi kweli, kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja alichokuwa anakisubiri tangu Firdausi avunje ungo. Alikuwa anausubiri mkaja.

Mkaja ni haki ya mama wa bibi harusi. Ni nguo inayoletwa na upande wa mume kwa ajili ya tumbo lililobeba, na kwa ajili ya ule mkanda wa nguo aliofungwa mama tumboni alipojifungua. Siku hizi wengi wanapewa bahasha. Biubwa aliomba nguo. Hakuwahi kufungwa mkaja na mkunga, na huu ndio ungekuwa wa kwanza na wa mwisho wake. Angeuvaa kiunoni mbele ya watu wote wa Kisarawe waliokuwa wakimwita, nyuma ya mgongo wake, yule asiyezaa.

"Mama," Firdausi alimwambia mwezi wa pili, kwa furaha ya mtu anayeleta zawadi, "nimeongea na Latifu. Watu wa kwao wataleta mikaja miwili. Wako, na wa Mama Ndaki. Wewe umenilea, yeye kanitoa kwenye kifo. Eti si vizuri?"

"Vizuri," alisema Biubwa.

"Na jambo jingine. Siku ile wewe ni mama mtu, hutakiwi kuonekana jikoni. Sharubati za wageni atapika Mama Ndaki kwake. Lakini shira ya kaimati nataka ile yetu, ya iliki na waridi. Nimemwambia aje umfundishe, apike chupa arobaini, azilete asubuhi ya harusi. Wewe ukae barazani umependeza, upokee wageni."

Binti wa watu alidhani anampumzisha mama yake. Biubwa alisikia kwamba amenyang'anywa sufuria.

Holo alikuja Kisarawe wiki mbili kabla ya mwezi mtukufu. Alipitia Kiluvya, bodaboda ikamshusha mlangoni akiwa ametapakaa tope hadi magotini. Biubwa alikuwa amejiandaa kukutana na mwanamke mzuri. Akakutana na mtu mfupi, mnene, mwenye pengo na kicheko kikubwa.

"Hodi kwa Wazaramo! Mmelala au mnacheza?"

"Karibu, mtani," Biubwa akajibu. "Ng'ombe umewafunga wapi? Wasije wakala mahindi ya mume wangu."

"Nimewaacha nyumbani, nimekuja kuchukua ng'ombe wa mahari. Mwanangu anaolewa, hujasikia?"

Kibwana na majirani waliangua kicheko. Huo ni utani, na mtani akisema neno hakuna kununa. Anaweza kukuita mwizi na mchawi kwenye msiba wa baba yako, nawe ukacheka. Biubwa alicheka kama sheria inavyotaka. Lakini "mwanangu" lilimkaa kifuani kama mfupa wa samaki.

"Mwanao?" akamjibu. "Wewe mwizi wa watoto, nitakuroga."

Watu wakacheka zaidi. Holo akacheka kuliko wote, akampiga bega. Hakuna aliyejua kwamba katika maneno yote yaliyosemwa asubuhi ile, hayo peke yake hayakuwa ya utani. Biubwa akaona jinsi utani ulivyo mzuri. Unaweza kumwambia mtu chuki yako yote usoni na akakushukuru kwa kumchekesha.

Wakaingia jikoni. Ndimu nne zilikuwa kwenye ungo. Biubwa alipomwona Holo amegeuka kuvua viatu, alizifunika kwa kipande cha khanga. Hakuwa amepanga. Mkono wake ulifanya, na yeye akauacha.

Akamfundisha kila kitu vizuri: uzito wa sufuria, kipimo cha maji, iliki na maganda yake. Sukari ikaanza kuyeyuka.

"Sasa hapa," alisema, "unakoroga. Usiache kukoroga mpaka mwisho, hata mkono ukuume."

"Mpaka mwisho?" aliuliza Holo. "Mimi za matunda sizikorogi."

"Hizo ni za matunda. Hii ni shira."

Holo alitikisa kichwa, akashika kijiko, akakoroga. Baadaye akatoka kwenda kunawa jasho. Biubwa alifunua khanga haraka, akakamua ndimu mbili sufuriani, maganda akayatumbukiza kwenye ndoo ya taka. Hakutaka shira ya nyumbani kwake iharibike. Hilo hangeliweza hata kwa wivu wote wa dunia. Alitaka ya Kibaha ndiyo iharibike. Holo wa watu alikuwa na sababu ya kutojua: rozela ina uchachu wake, nanasi lina wake, hakuwahi kuhitaji ndimu. Ya iliki haina msaada wowote.

Holo alirudi, akavuta tone kati ya vidole, uzi ukatoka. "Wabeja, mtani," akasema, yaani asante. Akamkumbatia kwa mikono yenye sukari, akaondoka.

Mfungo ulipita. Biubwa alifunga siku zote, akaswali tarawehe, akasoma, na kila alipofika kwenye dua ulimi ulimwia mzito. Mara mbili alichukua simu. Mara ya kwanza haikupokelewa, akashukuru. Mara ya pili Holo alipokea na kusema, "Mtani! Mwanetu ameanza kunenepa, atatutia aibu kwenye gauni," na hapo Biubwa akauliza habari za mvua, akakata. Mwanetu! Acha iharibike. Acha watu wa Mzenga waone chupa arobaini za mchanga, waulize ni ya nani, waambiwe ni ya yule mama wa pili. Tuone kama mkaja wake utatoka.

Asubuhi ya harusi mvua ya masika ilikuwa imekatika kwa muda. Wanawake walijaa uani, kaimati zilikuwa zinakaangwa tayari kwenye karai mbili, na Bi Mwanaasha, kungwi wa Firdausi, alikuwa chumbani anampaka binti hina ya mara ya pili mikononi. Biubwa alikaa barazani na gauni la rangi ya zambarau. Alipoona gari la Kibaha linakata kona, alinyoosha gauni mapajani.

Sharubati zilishuka kwanza: nyekundu, njano, za rangi ya asali, zinang'aa. Kisha zikashuka chupa za shira. Mwanamke mmoja akaifungua ya kwanza, akainamisha, haikutoka. Akaitikisa. Chini ilikuwa imeganda ngumu, juu kuna vipande vinavyolia kwenye kioo. Akafungua ya pili. Ya tatu. Waliokuwa wakikaanga wakaacha karai wakaja kutazama.

Holo alisimama katikati, mikono kiunoni.

"Basi mmeniona," alisema kwa sauti kubwa. "Msukuma na shira wapi na wapi? Nimekoroga mpaka bega likaniuma, nimewaletea mawe." Baadhi wakacheka. Yeye akageuka kumtazama Biubwa. "Lakini mwenye kazi yake si huyu hapa? Mtani, hebu inuka. Wewe utajua dawa yake."

Watu wote walimgeukia. Ilikuwa rahisi: sufuria, maji kidogo, moto, ndimu. Nusu saa. Biubwa aliijua dawa kama anavyojua jina lake. Angeinuka pale, angefunga khanga juu ya lile gauni, na Kisarawe nzima ingemwona anaokoa harusi. Lakini angeinuka, swali la pili lingekuwa, je, ndimu hukumwambia? Na zaidi ya hapo, alitaka aibu ile ikae mahali ilipo angalau kidogo tu. Holo aionje.

"Ikishaganda hivyo haina dawa," alisema. "Watumwe watu dukani wakanunue asali."

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Firdausi alitoka akiwa na khanga mbili na kichwa wazi, mikono yote miwili ameinua juu, hina mbichi imemjaa hadi viwikoni. Bi Mwanaasha alikuwa nyuma yake anapiga kelele kwamba mwali hatoki nje, mwali hagusi moto, mkosi huo.

Binti hakumsikiliza. Alitazama chupa moja. Akamtazama Holo. Kisha akamtazama mama yake aliyemfundisha shira juu ya kigoda, ambaye hakuwahi hata siku moja kupika bila ndimu wala kumfundisha mtu kukoroga. Biubwa akaona jinsi uso wa mwanawe ulivyobadilika taratibu, akatamani binti ampige yeye makofi kuliko kumtazama vile.

"Ni kosa langu," Firdausi aliwaambia watu. "Mama aliniambia nimkumbushe Mama Ndaki ndimu. Mimi nikasahau kwa mambo ya harusi. Washeni jiko. Chupa zitieni kwenye maji ya moto zilegee."

Ndimu za karibu zilikuwa zile za hina, kwenye bakuli chumbani, za kupakia ili rangi ishike. Akaagiza ziletwe. Wanawake wakamimina shira kwenye sufuria kubwa, akawaelekeza kipimo cha maji, akakataza mtu asitie kijiko. Ilipofika mahali pa kupima uzi, Bi Mwanaasha akasema amwachie mtu mwingine. Firdausi akamwambia hakuna mtu mwingine. Akaenda bombani akaosha hina ya mkono wa kulia, mbichi vilevile, ikatoka yote na maji. Akarudi akavuta tone kati ya kidole gumba na cha shahada, mara tatu, mpaka uzi ukatoka.

Kaimati zikaogeshwa. Wageni wa Mzenga walikula wakasifu. Ndoa ilifungwa kabla ya adhuhuri. Na bibi harusi alipotolewa, kila mtu aliona kwamba mkono wake wa kushoto ni mweusi wa hina iliyoiva, na wa kulia una rangi ya chungwa la kufifia, kama wa mtu aliyepakwa siku nyingine.

Mikaja ilitolewa yote miwili. Wa Biubwa ulifungwa kiunoni kwake kwa vigelegele, nguo nzito ya kijani aliyoisubiri miaka kumi, naye akasimama wima ili watu waione. Hakusikia chochote moyoni. Wa Holo alijifunga mwenyewe begani kama mchungaji, akaomba apewe na fimbo, watu wakavunjika mbavu.

Wakati wa kuondoka, Firdausi alipiga magoti mbele ya Biubwa kama desturi inavyotaka.

"Mama, nipe radhi zako."

"Nimekupa, mwanangu. Mungu akupe na wewe watoto wema." Kisha akainama hadi sikioni mwa binti. "Na mimi nipe zako."

Firdausi akamshika mikono kwa ile mikono yake ya rangi mbili. "Mimi nimekupa, mama," alisema polepole. "Nilikupa palepale uani. Kamwombe Mama Ndaki." Akainuka, akaingia garini na mumewe.

Biubwa alimkuta Holo nyuma ya nyumba, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasuuza chupa zake.

"Mtani," Holo alisema alipomwona, "umekuja kunifukuza? Mimi Msukuma nikishashiba siondoki."

"Leo sitaki utani, Mama Ndaki." Biubwa alibaki amesimama. "Ndimu nilikuficha. Kukoroga nilikudanganya. Nilifanya makusudi. Nilikuwa nakuonea wivu, na hata sasa nakuonea."

Holo alisuuza chupa aliyokuwa nayo, akaipindua ikauke.

"Najua," alisema.

"Umejua leo?"

"Nimejua wiki ile ile. Maganda ya ndimu niliyaona kwenye ndoo ya taka niliporudi kutoka kunawa. Nikasema labda ni ya mboga. Nikaenda kwangu nikapika kidogo kama ulivyonifundisha, kesho yake ikaganda. Nikapika nyingine na ndimu, bila kukoroga, ikakaa. Mimi ninaishi kwa kazi hii, mama. Unadhani siwezi kujaribu?"

Biubwa hakuelewa. "Sasa zile arobaini?"

"Zile nimezipika kama ulivyosema wewe."

"Kwa nini? Ili uniaibishe?"

"Ningetaka kukuaibisha ningesema." Holo aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa anacheka. "Yule mtoto alipokuwa hospitali, usiku wote alikuwa anakutaja wewe. Nilimnywesha uji nikijua ninakunyang'anya kitu. Nikasema siku ya harusi nitarudisha. Nitaleta shira iliyoharibika, nitasimama mbele ya watu niseme mimi mjinga, halafu nitakuita uinuke uiponye, mwanao akuone. Nikakuita. Si ulinisikia nikikuita?"

"Nilikusikia," alisema Biubwa.

Holo alichukua chupa nyingine akaendelea na kazi yake. Biubwa alisimama pale na mkaja wake kiunoni, akimtazama. Miezi saba alikuwa amemwonea wivu mwanamke huyu kwa chupa tatu, kwa kuitwa mama, kwa kiti cha hospitali, na kumbe yote hayo yalikuwa bure. Leo ndiyo kwanza alipata sababu ya kweli.